Shahada ya Uzamili ya Mahusiano ya Kimataifa na Sera za Umma: Tathmini ya Mwanafunzi wa Jioni

Nimemaliza shahada ya uzamili ya mahusiano ya kimataifa na sera za umma katika chuo kikuu kimojawapo cha Dar es Salaam. Nilisoma jioni, nikitoka kazini Kurasini saa kumi na kuingia darasani saa kumi na moja na nusu, siku nne kwa wiki. Kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama inafaa kutoa ada na kujinyima miaka miwili ya jioni zao, nimeona niandike tathmini hii kwa utulivu badala ya kumjibu kila mmoja kwa simu. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu sehemu ya malalamiko yangu ni mambo yaliyonipata mimi na watu wawili watatu niliokutana nao, na si haki kukihukumu chuo kizima kwa hayo. Isitoshe, wenzangu waliosoma kwingine wamenieleza mambo yanayofanana mno na yangu, hivyo naamini msomaji atapata faida hata kama atajiunga na chuo kingine.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kwa miaka minane nimekuwa nikiandaa nyaraka za mizigo inayoshushwa bandarini kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na kwa miaka hiyo yote nilijua fomu gani inajazwa wapi bila kujua ni nani aliyeamua ijazwe hivyo. Mfano mmoja utatosha. Mchele unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki umo katika orodha ya bidhaa nyeti, na kiwango cha pamoja cha ushuru wake ni asilimia 75; lakini Kenya, kwa ruhusa maalumu ambayo imekuwa ikihuishwa mara kwa mara, imetoza asilimia 35. Mimi nilikuwa nikiichukulia tofauti hiyo kama masika na kiangazi, jambo ambalo lipo tu. Darasani ndipo nilipoelewa kwamba Pakistan, ambayo huiuzia Kenya mchele, ndiyo pia mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya, na kwamba soko la mkulima wa chai wa Kericho linalindwa kwa mlango wa mchele uliolegezwa Mombasa, huku mkulima wa mpunga wa Mwea akibeba sehemu ya gharama ya ulinzi huo. Mahusiano ya kimataifa na sera za umma, ambavyo katika kijitabu cha chuo vimeandikwa kama fani mbili, vilikuwa vimekutana ndani ya gunia moja la mchele.

Ikiwa masomo haya yana thamani, basi thamani yake ni kumzoeza mtu kuuliza, mbele ya kila mkataba na kila sera, nani anatakiwa kufanya nini, lini, na kwa fedha ya nani. Pale programu ilipofundisha maswali hayo, ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Pale ilipoyaacha, ilinichosha.

Somo lililokuwa bora kuliko yote ni lile la taasisi za kikanda, na naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu ndilo ningelilipia tena. Mhadhiri wake, mwanamama aliyewahi kukaa mwenyewe kwenye meza za majadiliano, hakuanza na nadharia. Siku ya kwanza alituagiza kila mtu achapishe Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, na aje na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa kalamu nyekundu tulipigia mstari kila kitenzi kinachoamuru au kuruhusu. Kwa kalamu ya bluu tulizungushia jina la yule anayeamriwa. Kazi hiyo ilionekana ya kitoto hadi tulipofika Ibara ya 137, isemayo kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza na kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Darasa lilifurahi kukikuta Kiswahili humo. Mwalimu akauliza, “Kitaendelezwa na nani?” Tukainama kutafuta cha kuzungushia bluu, na hakikuwepo. Kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa, mtenda hajatajwa, mwaka haujatajwa, na fungu la bajeti halijatajwa. Kaka mmoja aliyekuwa akikaa nyuma, ambaye kwao ni Kigoma, akasema kwamba nyumbani mtu akikwambia “deni litalipwa” unamuuliza papo hapo ni nani atakayelipa, lakini maneno hayohayo yakiandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi yenye nembo tunayapokea kama yalivyo.

Kutoka kwenye kitenzi hicho kimoja tulifuatilia historia nzima: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyokuja kuanza kazi Zanzibar mwaka 2015, uamuzi wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 wa kukifanya Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya, na hatua ya Umoja wa Afrika ya Februari 2022 ya kukipokea Kiswahili kama lugha ya kazi. Zaidi ya miaka 20 ilipita kati ya kitenzi na uamuzi. Tangu jioni ile sisomi tena waraka wowote, hata wa mamlaka ya bandari, bila kumtafuta mtenda.

Mwalimu huyohuyo alitufundisha kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kufa mwaka 1977, kwa njia ambayo sijaisahau. Wengi wetu tulikuwa tumekaririshwa tangu sekondari kwamba Jumuiya ilikufa kwa tofauti za itikadi kati ya ujamaa na ubepari na kwa ugomvi wa Nyerere na Amin. Yeye alitugawa tukawa Kenya, Uganda na Tanzania, akatuwekea mezani mali za pamoja, yaani reli, bandari, ndege na posta, kisha akatutaka tuzigawane. Saa mbili zilikwisha bila makubaliano juu ya ndege. Mpatanishi halisi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, alihitaji miaka kadhaa hadi mapatano ya mgawanyo yakatiwa saini mwaka 1984, na wakati huo wote familia zenye ndugu pande zote mbili za Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, zilikuwa zimeishi na mpaka uliofungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Baada ya zoezi hilo nilielewa kwa nini Mkataba wa 1999 unasisitiza kwamba ushirikiano uwe wa watu na si wa viongozi peke yao, na kwa nini wakuu wa nchi hawapigi kura bali huamua kwa makubaliano ya wote. Udhaifu wa utaratibu huo tuliujadili pia, kwani nchi moja ikisitasita wote wanasubiri, na wanachama wamefika wanane baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024.

Zoezi kubwa la muhula lilikuwa majadiliano ya kuigiza kuhusu mitumba, na hapo ndipo programu ilipofikia kilele chake. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika ili kuinua viwanda vya nguo vya ndani. Wafanyabiashara wa Marekani wanaouza mitumba wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, wakidai nchi hizo zimekiuka masharti ya AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijiondoa mapema kwa kuwa ilikuwa na viwanda vya nguo vinavyouza huko. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake mpya, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo zitokazo Rwanda.

Tulipanga viti upande mmoja na meza katikati, tukaandika majina ya nchi kwenye vipande vya karatasi ya manila, na mwalimu akatuita sote “Mheshimiwa Balozi” kuanzia mlangoni. Mimi nilipewa Rwanda. Dada aliyepewa Tanzania alikuwa amelelewa kwa meza ya mitumba ya mama yake pale soko la Karume, na alipotakiwa kutetea azimio la kuzuia mitumba alinyamaza kwanza, kisha akasoma hotuba yake vizuri hadi mwisho. Mwalimu akamgeukia kwa upole: “Mheshimiwa Balozi, kiwanda kitachukua miaka mingapi kuajiri idadi ya watu waliopo Karume leo, na katika miaka hiyo wale nini?” Dada yule hakuwa na jibu, na mimi wa Rwanda sikuwa nalo pia. Tulichojifunza hakikuwa kwamba azimio lilikuwa baya. Wapo waliobaki wakiliunga mkono hadi mwisho, na hoja yao kwamba nchi haiwezi kuvaa milele nguo zilizoachwa na wengine ilikuwa na uzito. Tulijifunza kwamba azimio la nchi kadhaa lina nguvu ya yule mwenye cha kupoteza zaidi, na kwamba mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa yule mwenye meza sokoni.

Jambo moja zaidi kuhusu zoezi hilo. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, lakini katika duru ya pili mwalimu aliruhusu Kiswahili. Watu watano ambao kwa muhula mzima hawakuwa wamefungua vinywa, akiwemo askari wa uhamiaji aliyeujua mpaka wa Mutukula kuliko sisi sote, walisimama wakazungumza kwa hoja zilizonyooka. Nampongeza mwalimu kwa ujasiri huo, na naona ni hasara kubwa kwamba hakuna somo lingine lililofanya hivyo, wakati ambapo Jumuiya yenyewe imekwisha kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi na itahitaji watu wa kujadiliana kwacho.

Upande wa sera za umma ulikuwa wa wastani, isipokuwa kazi moja ya nyanjani. Mihadhara ilihusu mzunguko wa sera, kuanzia kutambua tatizo hadi kutathmini matokeo, na mchoro wa duara ulirudiwa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini mhadhiri kijana aliyepokea somo katikati ya muhula alitupa waraka mmoja tu, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulioleta elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, akatutuma kila mmoja kwenye shule ya msingi iliyo karibu na anapoishi. Mimi nilikwenda shule moja ya Temeke. Mwalimu mkuu, mzee mwenye subira ya ajabu, alinionyesha daftari la mapato: ruzuku inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na chini yake mgawanyo wa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Akanionyesha pia darasa la kwanza lililojaa hadi mlangoni mwaka ule waraka ulipoanza kutekelezwa, kwa sababu wazazi waliokuwa wakishindwa na michango waliwaleta watoto wote kwa pamoja. “Sera ni nzuri, mwanangu,” aliniambia, “watoto wamekuja. Madawati ndiyo yalichelewa.” Nimesoma tangu hapo maandiko marefu juu ya pengo kati ya kupanga na kutekeleza, na sijakuta sentensi iliyolieleza vizuri zaidi. Kazi hiyo ilipewa alama 10 kati ya 100, na mtihani wa mwisho, uliotaka tuchore lile duara, ukapewa 60. Mgawanyo huo wa alama ningeugeuza.

Kuhusu somo la nadharia nitasema kwa ufupi. Lilifundishwa kwa kusoma maandishi yaliyomulikwa ukutani, nadharia moja kila wiki, zote na mifano ya Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa Dar es Salaam alistahili kuambiwa kwamba mijadala ya utegemezi na ubeberu iliwahi kuwaka papa hapa mjini, kwenye kilima cha Chuo Kikuu, enzi ambapo Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha pale. Alistahili pia kupimiwa nadharia hizo kwa matendo ya nchi yake. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwepo wa Ujerumani Mashariki nchini, na Mwalimu Nyerere akakataa kuyumbishwa kwa msaada. Desemba ya mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), ambako walowezi wachache wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, ingawa mkopo wa pauni milioni 7.5 ulikuwa hatarini na ukapotea. Nadharia isemayo kwamba nchi ndogo hufuata maslahi ya nguvu tu ingepaswa kusimamishwa mbele ya visa hivyo na kuulizwa. Sisi tuliikariri, tukaijibia mtihani, tukaendelea.

Sasa nije kwenye tasnifu, ambako nilipata tabu kubwa. Niliandika juu ya vikwazo visivyo vya kiforodha kwenye njia ya Dar es Salaam hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, hasa tofauti iliyoletwa na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilichozinduliwa mwaka 2016, mada niliyoijua kwa miguu na kwa macho. Msimamizi wangu wa kwanza alikaa na sura mbili za mwanzo kwa miezi mitano. Ziliporudi, maoni yote yalihusu nafasi kati ya mistari na namna ya kuandika marejeo. Juu ya hoja hapakuwa na hata neno moja. Kisha alipata likizo ya masomo, nikapewa mwingine ambaye alitaka mbinu ya utafiti ibadilishwe kutoka mwanzo, wakati madereva 40 niliokuwa nimewahoji kwenye maegesho ya malori walikuwa wamekwisha kutawanyika. Nililipa ada ya muhula wa ziada kwa ucheleweshaji ambao haukuwa wangu. Ofisi ya masomo ya jioni ilinisikiliza kwa adabu, ikaniambia kanuni ndiyo hiyo. Imeniuma zaidi kwa sababu kanuni hiyo ilitungwa na watu wanaofundisha sera za umma. Ilisema wazi mwanafunzi anatakiwa kuwasilisha lini, na haikusema kokote msimamizi anatakiwa kujibu lini. Ningekuwa na kalamu ya bluu siku ile nisingepata pa kuzungushia.

Kuna gharama ambazo hazimo katika kijitabu cha chuo, nazo ni vyema mtu azijue mapema: kuchapisha nyaraka, nauli ya usiku baada ya saa tatu, vifurushi vya intaneti kwa kuwa maktaba hufungwa mapema kuliko vipindi vya jioni vinavyoisha, kufuatilia vibali vya utafiti mikoani, na kujalidi tasnifu nakala kadhaa. Maktaba yenyewe ina vitabu vingi vya miaka ya 1980 na majarida machache ya sasa. Tulisaidiana kwa kundi la WhatsApp, ambamo mtu akipata makala huituma kwa wote, na bila kundi lile sijui kama ningemaliza.

Kwa anayefikiria kujiunga, maoni yangu ni haya. Kama umekwisha kufanya kazi miaka mitatu minne bandarini, halmashauri, uhamiaji, shirika la hiari au chumba cha habari, masomo haya yatakufungulia mengi, kwa sababu utaingia na maswali yako mwenyewe. Wenzetu waliotoka shahada ya kwanza moja kwa moja walifaulu mitihani vizuri kuliko sisi, lakini kwenye meza ya mitumba walikosa cha kusema. Anayelenga kazi ya ubalozi alinganishe na kituo cha Kurasini kinachoitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji mahsusi kwa kuandaa wanadiplomasia. Na anayependelea utawala na sera za ndani aitazame Mzumbe, ambayo mizizi yake ni mafunzo ya serikali za mitaa. Popote aendapo, ahakikishe kwanza kwamba programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Kabla ya kulipa, omba kuhudhuria kipindi kimoja cha jioni ukae nyuma. Muulize mratibu wa programu ni mikataba na nyaraka zipi za sera zilizosomwa darasani muhula uliopita, kwa majina na miaka yake, na kama atakutajia nadharia tu, uliza tena. Kisha omba kuona wanafunzi wangapi wa mwaka uliotangulia waliwasilisha tasnifu kwa wakati, na kama kuna maandishi yanayomfunga msimamizi kwa muda wa kurudisha sura. Usiporidhika na jibu la swali hilo la mwisho, tafuta kwingine hata kama masomo yenyewe yamekuvutia.

Mimi ningerudi kusoma, kwa ajili ya yule mwanamama na zile kalamu mbili. Nakala yangu ya Mkataba bado ipo kwenye droo ya ofisi, kando ya muhuri, kurasa zake zimelegea kwenye pini. Juzi mteja alizuiliwa mahindi yake mpakani kwa kutakiwa cheti ambacho aliambiwa “kinahitajika,” nikamwomba afisa kwa heshima anionyeshe kinahitajika na nani na kwa kanuni ipi. Akaenda kuuliza kwa mkubwa wake, na lori likaondoka saa nane mchana.